Farasi-bahari Dodoma: shughuli iko kwenye maji yanayopotea

Wanaotaka kufuga farasi-bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, hapa Dodoma huanza kwa kuniuliza chumvi wataipata wapi. Chumvi si tatizo. Ipo inayotengenezwa mahsusi kwa matangi ya samaki wa baharini, na unaikoroga gramu 35 hivi kwa kila lita. Usitumie ya mezani wala ile ya kuanikwa ya Bagamoyo, maana hiyo ni sodiamu kloraidi karibu tupu, na samaki huyu anahitaji pia magnesi, kalisi na madini mengine ya bahari. Korogea kwenye maji yaliyochujwa kwa mashine ya osimosisi, inayoondoa madini yaliyomo. Maji ya visima vyetu yana madini yake tayari. Tazama ule utando mweupe ndani ya birika la chai.

Shughuli hasa ni joto na ukavu. Aina nyingi za farasi-bahari wanaofugwa majumbani hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 25. Juu ya hapo bakteria aina ya vibrio huzaliana haraka na kuwashambulia ngozi na mkia. Mwezi Oktoba na Novemba chumba cha bati hapa hupita nyuzi 30 bila shida. Mashine ya kupoza maji ni ghali na inakula umeme, ila ukavu wetu una faida yake: elekeza feni juu ya maji, yatapoa vizuri kuliko yangepoa Dar es Salaam penye unyevu hewani.

Lakini feni huondoka na maji, chumvi inabaki. Tangi la lita 120 lina chumvi kilo 4.2. Likipungua lita 10, kila lita iliyobaki inabeba gramu 38, na samaki anaanza kuteseka huku maji yakionekana safi kabisa. Kwa hiyo bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kina, kisha kila siku jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji tu.

Tena tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huku hushika oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya nane kuliko ya pwani. Elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji utikisike, lakini mkondo uwe mpole, kwani farasi-bahari ni mwogeleaji dhaifu. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu, umeme ukikatika uwashe papo hapo.

Tangi liwe na kimo cha sentimita 45 au zaidi, na vitu vya kuzungushia mkia. Usiweke samaki kabla bakteria wanaomeza amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu, hawajaota na vipimo vya sumu hizo kurudi sifuri. Mara nyingi huchukua wiki nne hadi sita.

Kwenye chakula ndiko wengi wanakowapoteza. Farasi-bahari hana meno wala tumbo la kuhifadhia chakula, kinapita haraka, hivyo mkubwa alishwe angalau mara mbili kwa siku. Mimi huyeyusha uduvi waliogandishwa, nawasuuza, nawadondosha kidogo kidogo. Atamkagua uduvi mmoja, jicho hili likitazama huku na lile kule, asogeze mdomo taratibu, halafu kichwa kinaruka na uduvi hayupo. Ukiwa karibu unasikia mlio mdogo, tik! Napenda kutazama hilo kila siku. Masalia yafyonze kwa mpira kabla hayajaoza, na usimchanganye na samaki wepesi, watamnyang'anya.

Nunua waliozaliwa kwenye matangi. Waliovuliwa baharini mara nyingi hukataa chakula kilichokufa, na tangu 2004 biashara ya kimataifa ya farasi-bahari iko chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kuwavusha mpaka kunahitaji vibali.

Ukiwa na dume na jike, jike huweka mayai kwenye mfuko wa dume, na dume ndiye anayezaa. Watoto wanahitaji atemia hai, yaani vijiduvi vidogo sana vya maji ya chumvi, mara kadhaa kwa siku tangu mwanzo, na mayai ya atemia huchukua takriban saa 24 kuanguliwa. Yaloweke mapema.