TB nyumbani: dawa, dirisha au barakoa, kipi kinazuia zaidi?

Ndugu yetu amekutwa na TB ya mapafu. Tumtengee sahani na kikombe?

Hapana. TB haiambukizwi kwa vyombo, nguo wala kupeana mikono. Mgonjwa akikohoa, akiimba au akiongea hutoa chembechembe zenye bakteria, nazo huelea saa kadhaa katika chumba kilichofungwa. Kumtengea sahani ni kumnyanyapaa bure.

Basi tuanze na nini?

Dawa. Kama TB yake si sugu, yaani dawa za kawaida bado zinaiua, na anameza kila siku, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka, mara nyingi ndani ya wiki 2. Dozi ya kawaida lakini ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Wengi huacha mapema kwa kuwa kikohozi kimekwisha na mwili umerudi. Bakteria waliobaki huamka tena, pengine wakiwa sugu.

Dirisha lina maana kweli?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vya hospitali za Lima, Peru, vilivyotolewa mwaka 2007 vilionyesha hewa ikibadilika takriban mara 28 kwa saa madirisha na milango ikiwa wazi. Ikifungwa, haikufika hata mara 2. Fungua pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Feni katika chumba kilichofungwa huzungusha hewa ileile. Tatizo ni usiku, watu wanapofunga kwa kuogopa mbu: tundika chandarua, dirisha libaki wazi. Mgonjwa alale chumba chake ikiwezekana.

Barakoa avae nani?

Mgonjwa kwanza. Katika wodi ya TB sugu Afrika Kusini, utafiti wa 2012 uliopima kwa wanyama wa maabara waliovuta hewa ya wodi hiyo ulionyesha barakoa za kawaida za hospitali zikivaliwa na wagonjwa hupunguza hatari kwa asilimia 56. Anayemhudumia, barakoa hiyo haimkingi vya kutosha, maana hewa hupenya pembeni. Yeye anahitaji N95, barakoa inayochuja chembechembe ndogo, iliyobana uso. Ndevu huharibu kila kitu, maana haibani tena.

Watoto wana chanjo ya BCG. Haitoshi?

Haitoshi. BCG huwakinga hasa na TB kali, kama ya utando wa ubongo. Wote wanaoishi naye wapimwe, hasa walio chini ya miaka 5 na wenye VVU. Wasio na ugonjwa hupewa dawa ya kinga, kwa mfano isoniazidi kila siku kwa miezi 6. Isianzwe kabla ya kupimwa: mwenye TB akimeza dawa hiyo peke yake, hujijengea usugu.