Kuomba radhi si kusikitika

Kosa la kuyaita masikitiko kuwa ni kuomba radhi, mara hii nililisikia katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Msomaji alisema kwamba mwanasiasa mmoja wa ng'ambo, aliyemfananisha mpinzani wake na Wanazi, "ameomba radhi". Kisha ikachezwa sauti ya mwanasiasa mwenyewe, na chini yake tafsiri: anasikitika iwapo maneno yake yalieleweka vibaya. Tulikuwa barazani watu wanne. Mzee aliyekuwa akimenya chungwa aliinua kisu, akasema, "Huyo hajaomba radhi. Huyo ametoa pole." Akaendelea na chungwa lake. Mzee alikuwa sahihi, na kwa kuwa kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, nimeona niandike.

Kuomba radhi ni kukiri mbele ya mtu kwamba umemkosea, kisha kumtaka yeye, akipenda, auridhishe moyo wake juu yako. Maana yenyewe ni hiyo tu. Linalohitaji maelezo marefu zaidi ni neno radhi, kwa sababu wengi hulitamka bila kuangalia linamhusu nani.

Limetujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni ridhā, hali ya moyo kutulia na kukubali. Mzizi huohuo umetupa kuridhika, kuridhisha, kuridhia, ridhaa na maridhiano. Bunge linaporidhia mkataba, maana yake limeukubali. Wazanzibari walipoyaita Maridhiano yale yaliyoanza Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipokutana na Maalim Seif Sharif Hamad, walikusudia kwamba kila upande ulikuwa umepata jambo la kuutuliza moyo wake kwa mwenzake. Katika maneno yote haya radhi ni mali ya yule anayeombwa. Ndiyo maana kijana wa pwani anayetaka kusafiri humwendea mama yake akamwambia, "Mama, naomba radhi zako," ilhali huenda hajamkosea lolote. Anaomba kitu kilichomo moyoni mwa mama, ambacho hawezi kujichukulia wala kujitangazia kwamba amekipata. Na mtoto aliyenyimwa radhi na mzazi wake, watu humwogopea.

Sarufi nayo inashuhudia. Tunaposema "niwie radhi", kitenzi ni kuwia, yaani kuwa kwa ajili ya mtu, na mtendaji ni yule tunayemwambia. Hatusemi "nimekuwia radhi" kwa maana ya kwamba mimi niliyekukosea nimemaliza kazi. Samahani, ambalo nalo ni la Kiarabu, lilianza kama ombi la namna hiyohiyo, "nisamehe", ingawa kwa kutumika kila siku ndani ya daladala na dukani limepungua uzito. Pole ni neno la namna nyingine kabisa. Halibebi kosa hata chembe. Nampa pole aliyefiwa, wala si mimi niliyemuua marehemu wake. Kiingereza kina neno moja, sori, linalofanya kazi ya pole na ya samahani kwa pamoja, na nadhani hapo ndipo watafsiri wetu wanapoteleza. Wanalikuta neno lenye njia mbili, na kwa mazoea wanashika njia ya radhi hata pale msemaji alipopita ile ya pole.

Kusikitika, kwa upande wake, ni kueleza moyo wa anayesema. "Nasikitika" haimwombi mtu chochote, na aliyeumizwa anaweza asiwemo kabisa katika sentensi hiyo. Likiongezewa "iwapo" au "kama kuna aliyeudhika", basi hata kuumia kwake kunatiliwa shaka, naye anatakiwa kwanza athibitishe kwamba aliumia kabla ya kusikitikiwa. Kufuta kauli nako ni jambo la tatu. Bungeni Dodoma Spika anapomwamuru mbunge afute kauli na aombe radhi, anataja mambo mawili kwa sababu ni mawili kweli: la kwanza ni la kumbukumbu za kikao, la pili ni la mtu aliyetukanwa.

Nimechagua kulieleza jambo hili kwa habari za wanasiasa na Unazi kwa sababu huko ndiko radhi hudaiwa kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine, na ndiko inakokwepwa kwa ufundi mkubwa zaidi. Mnazi, kwa wasiopata kulifuatilia neno hilo, ni mfuasi wa chama cha Adolf Hitler kilichotawala Ujerumani kuanzia 1933 hadi 1945. Jina hilo ni kifupisho cha neno la Kijerumani Nationalsozialist. Sisi tumelivika viambishi, tukapata Wanazi na Unazi, nasi tulifanya vyema, kwa kuwa nazi peke yake ni ya jikoni. Utawala huo uliua Wayahudi wapatao milioni 6 katika Holokosti, pamoja na Waroma (jamii iitwayo pia Wajipsi), watu wenye ulemavu, wafungwa wa vita wa Kisovieti na wengine wengi. Kwa hiyo mwanasiasa anapomwita mwenzake mwizi, aliyekosewa ni mmoja. Anapomwita Mnazi, waliokosewa ni makundi mawili: yule aliyeitwa hivyo, na wale walioteswa na Wanazi halisi, ambao mateso yao yamegeuzwa silaha katika ugomvi wa kampeni au wa barakoa. Anayeomba radhi analazimika kujua anaiomba kwa nani kati yao.

Tarehe 2 Julai 2003 Silvio Berlusconi, waziri mkuu wa Italia, alisimama katika Bunge la Ulaya mjini Strasbourg, nchi yake ikiwa ndiyo kwanza imeshika uenyekiti wa Umoja wa Ulaya. Martin Schulz, mbunge wa Ujerumani, alikuwa amemkosoa vikali. Berlusconi akamwambia kwamba kuna mtu Italia anatengeneza filamu kuhusu kambi za Wanazi, naye angempendekeza Schulz aigize kapo. Kapo alikuwa mfungwa aliyeteuliwa na walinzi wa kambi kuwasimamia wafungwa wenzake, mara nyingi kwa kipigo, kwa hiyo mzaha ule uliwagusa waliokuwa ndani ya seng'enge zaidi hata ya Schulz mwenyewe. Kansela Gerhard Schröder wa Ujerumani alidai radhi. Siku ya pili walizungumza kwa simu, na Schröder akatangaza kwamba Berlusconi amesikitikia usemi ule na kwamba kwake yeye jambo limekwisha. Vyombo vingi vikaandika kuwa radhi imeombwa. Haikupita muda Berlusconi mwenyewe akasahihisha: yeye hakuomba radhi, alieleza tu kusikitika kwamba maneno aliyoyakusudia kuwa ya mzaha yalichukuliwa vingine. Katika hili, na katika hili tu, nampa haki yake. Aliijua tofauti ambayo waandishi hawakuijua.

Schröder naye alikuwa na sababu ya kuifahamu vizuri, kwa kuwa mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa upande wa kudaiwa. Septemba 2002, siku chache kabla ya uchaguzi, gazeti la eneo la kusini mwa Ujerumani liliripoti kwamba waziri wake wa sheria, Herta Däubler-Gmelin, amelinganisha mbinu za Rais George W. Bush na za Hitler, za kuwageuzia watu macho kutoka matatizo ya nyumbani. Waziri alikanusha kwamba alikusudia kuwafananisha watu hao wawili. Schröder alimwandikia Bush barua akisikitikia dhana iliyojengeka na kumhakikishia kwamba mtu wa kauli kama hiyo hana nafasi katika baraza lake. Washington haikuridhika: barua ile ilionekana kwao kuwa ya maelezo kuliko ya kuomba radhi. Angalieni kitenzi nilichokitumia. Radhi haikupatikana kwa sababu walioombwa hawakuridhika, na hapakuwa na namna ya Berlin kuridhika kwa niaba yao. Baada ya uchaguzi waziri yule hakurudi katika serikali.

Wapo pia walioomba kwa dhati. Seneta Dick Durbin wa jimbo la Illinois, Marekani, tarehe 14 Juni 2005, aliwasomea maseneta wenzake maelezo ya afisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuhusu wafungwa wa gereza la kijeshi la Marekani huko Guantánamo waliofungwa minyororo sakafuni, akasema kwamba msikilizaji asiyejua angedhani hayo ni matendo ya Wanazi, au ya Wasovieti katika kambi zao, au ya Pol Pot, dikteta wa Kambodia. Wiki moja baadaye alisimama mahali palepale, sauti ikimkatika, akawataja waliobeba kumbukumbu za Holokosti, akawataja wanajeshi, akaomba radhi. "Iwapo" ilikuwemo pia katika maneno yake, nami siifichi. Lakini aliwataja wenye radhi yao, na hakujificha nyuma ya kueleweka vibaya. Ninachokisikitikia mimi katika habari ile ni kwamba baada ya hapo watu wengi waliukumbuka mfano kuliko minyororo.

Ken Livingstone, aliyekuwa meya wa London, alifanya kinyume. Februari 2005, akitoka katika sherehe usiku, alimuuliza mwandishi wa gazeti kama aliwahi kuwa mhalifu wa vita wa Kijerumani. Mwandishi alipomwambia kwamba yeye ni Myahudi na kwamba ameudhika, meya alimjibu kuwa yu kama mlinzi wa kambi ya mateso, anafanya tu kwa kuwa analipwa. Baraza la jiji lilimtaka aombe radhi, na Waziri Mkuu Tony Blair naye vilevile. Alikataa, akieleza kwamba kuomba asichokiamini moyoni kungekuwa uongo. Mwaka 2006 jopo la nidhamu lilimsimamisha kazi kwa wiki nne, na Mahakama Kuu ikaitengua adhabu hiyo mwaka huohuo. Kauli yake kwa mwandishi yule naiona mbaya. Hata hivyo, kwa upande wa neno ninalolieleza, aliyekataa waziwazi ameiheshimu radhi kuliko aliyesikitika kisha akaacha magazeti yaandike kwamba ameomba.

Kuna walioomba kwa mtu asiye mwenye radhi peke yake. Septemba 30, 2016, Rais Rodrigo Duterte wa Ufilipino alijilinganisha yeye mwenyewe na Hitler, akisema nchi yake ina waraibu milioni 3 wa dawa za kulevya na kwamba angefurahi kuwachinja. Dunia ilipochachamaa, siku mbili baadaye aliwaomba radhi Wayahudi, na maneno aliyotumia yalikuwa ya kuomba kweli. Wale milioni 3 aliotangaza kuwachinja hakuwaomba chochote, na mauaji katika vita vyake vya dawa za kulevya yaliendelea. Kwa Wayahudi aliomba radhi, ndiyo. Lakini mtangazaji anayesema tu "Duterte ameomba radhi kwa kauli yake kuhusu Hitler" amewasahau wenye nusu nyingine ya deni.

Hapa baadhi ya watu huingiza toba, na ni vyema kuitenganisha. Walimu wetu wa madrasa walitufundisha kwamba toba ina masharti matatu, kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na kwamba kosa likimhusu binadamu mwenzako linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka akusamehe. Kuomba radhi kumo katika hilo la nne. Marjorie Taylor Greene, wakati huo mbunge wa Marekani, aliyelinganisha amri ya kuvaa barakoa na nyota ya njano waliyolazimishwa Wayahudi, alitembelea jumba la makumbusho ya Holokosti mjini Washington Juni 14, 2021, akatoka na kukiri kwamba amekosea, akaomba radhi. Haukupita mwezi, Julai 6, akawafananisha waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuhamasisha chanjo ya korona na askari wa Hitler wa mashati ya kahawia. Wengi walisema kwamba basi hakuwa ameomba radhi. Mimi nasema aliomba, maneno yake ya Juni yalitimia. Kilichokosekana ni azma ya kutorudia, na hicho ni cha toba. Maneno haya mawili yakichanganywa tutawahukumu watu kwa kipimo kisicho chao.

Nawasihi basi wenzetu wanaotafsiri habari, ambao najua wanafanya kazi kwa haraka na saa ikiwa mbele yao: msemaji akisema anasikitika, someni kwamba amesikitika, na akisema anajuta, someni kwamba anajuta. Akiyaondoa maneno yake, ameifuta kauli. Kuomba radhi kubaki kwa yule aliyemtaja mtu, akalitaja kosa, akaomba. Na kama amekubaliwa au la, hiyo ni habari nyingine, nayo aulizwe mwenye radhi.