Wajapani na ukulele: utalii ulikuja baadaye

Ukimwona Mjapani amevaa shati la maua akipiga ukulele, kigitaa cha nyuzi nne cha Hawaii, wengi husema: "Huyo kaupata likizoni Hawaii." Wazo hilo limezoeleka, ila tarehe zinalikataa. Serikali ya Japani iliwaruhusu raia wa kawaida kwenda nje kwa matembezi mwaka 1964. Yukihiko Haida na mdogo wake Katsuhiko, wote wazaliwa wa Honolulu, walikuwa wakipiga muziki wa Hawaii Tokyo tangu miaka ya 1920. Chama cha wapiga ukulele cha Japani, alichokianzisha Yukihiko, ni cha 1959.

Njia yenyewe ilikuwa ya vibarua. Wajapani wa kwanza, kama 150, walifika kwenye mashamba ya miwa ya Hawaii mwaka 1868. Wengi zaidi wakafuata kuanzia 1885. Watoto wao ndio walioubeba muziki kurudi nao Japani. Na ukulele wenyewe (hapa hata Wahawaii hucheka) ulitokana na kigitaa cha wahamiaji wa Madeira waliotia nanga Honolulu mwaka 1879.

Gitaa la nyuzi zilizolegezwa (slack-key), upigaji mwingine wa Hawaii, ni habari nyingine. Katika mtindo wake maarufu, nyuzi tatu kati ya sita hushushwa sauti, hata ukizipiga zote bila kubana popote unapata kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) ya G. Kidole gumba hushika besi, vingine huimba. Wajapani wa mwanzo walipenda zaidi gitaa la kuteleza na chuma (kipande cha chuma hutelezeshwa juu ya nyuzi), ambalo hadi leo watu hulichanganya na hili.