Je, Simu Yako Hutega Sikio Unapopiga Gumzo?

Nairobi kisa hiki kila mtu anacho. Uko ndani ya matatu ya Rongai, unamlalamikia mwenzako kwamba godoro lako limebonyea katikati na sharti ununue jipya mwisho wa mwezi. Hukulitafuta mtandaoni wala hukumwandikia mtu. Jioni unafungua Facebook na tangazo la kwanza ni la godoro, bei poa, unaletewa hadi mlangoni. Unamwonyesha jirani, naye anaapa kwamba yaleyale yalimpata kuhusu dawa ya kunguni. Basi kesi imekwisha: simu inasikiliza.

Waliojaribu kulithibitisha hilo hawajafanikiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa programu zaidi ya 17,000 za simu za Android. Hawakupata ushahidi wa programu inayowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti nje. Walichopata ni kingine, na kinastahili kelele zaidi kuliko kilivyopata: baadhi ya programu zilikuwa zikipiga picha au video ya skrini yenyewe wakati mtu akiitumia, kisha kuipeleka kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kujua.

Halafu kuna hesabu ya bando. Sauti ya mazungumzo, hata ikibanwa, hula kama kilobiti 24 kwa sekunde. Hiyo ni karibu megabaiti 11 kwa saa, na zaidi ya 250 kwa siku nzima. Katika mji ambao watu hununua data ya siku moja na kuihesabu kama nauli, wizi wa kiasi hicho ungegunduliwa kabla ya saa sita mchana. Ni kweli kwamba simu husubiri uiite, lakini hapo huwa inavizia maneno mawili matatu tu ya kuiamsha. Kung'amua majina ya maelfu ya bidhaa saa zote, katika sentensi moja iliyochanganya Kiswahili, Kiingereza, Sheng na Kikuyu, huku spika za matatu zikitikisa vioo, ni kazi nyingine kabisa, na betri ingeisha mapema.

Sasa godoro limetoka wapi?

Anza na simu yenyewe. Kila simu ya Android, na kila iPhone, ina namba maalumu ya matangazo ambayo programu zinaweza kuisoma, ingawa kwenye iPhone sharti kwanza uziruhusu. Mchezo wa watoto, programu ya kamari na ya hali ya hewa huenda zote zikapeleka namba hiyo kwa madalali wa matangazo, na hapo vipande vinaunganishwa kuwa mtu mmoja. Tovuti za maduka nazo huwekewa kijisehemu cha msimbo wa Meta, kampuni yenye Facebook, kisichoonekana, ambacho huripoti nani aliangalia nini, hata asiponunua. Fikiria mwenye duka wa mtaani anayejua mkate wako huisha siku gani bila kusimama dirishani kwako. Kampuni hizi ni huyo huyo mwenye duka, ila daftari lake lina mabilioni ya watu.

Kwa Nairobi, nadhani mzizi mkubwa ni namba ya simu. Tunaiandika kwenye daftari la askari kila tunapoingia jengo la mjini, tunaitaja kwenye kaunta ya supamaketi ili tupate pointi, tunaiacha kliniki, kwenye sako, kwa fundi wa runinga. Duka lenye orodha ya namba za wateja linaweza kuipakia Facebook, namba zikageuzwa kuwa msimbo na kulinganishwa na akaunti zilizopo. Wanaopatikana huonyeshwa tangazo. Duka linaweza pia kuomba litafutiwe watu wanaofanana nao: umri uleule, mitaa ileile, mazoea yaleyale. Kijana aliyehamia Kasarani wiki iliyopita hahitaji kutamka neno godoro ili akisiwe.

Na yule mwenzako wa kwenye matatu? Inawezekana yeye ndiye aliyelitafuta godoro usiku uliotangulia. Nyinyi ni marafiki mtandaoni, namba zenu zimo kwenye simu za kila mmoja, na huenda kazini mnatumia waifai moja. Mashine haikuhitaji mazungumzo yenu. Ilijua tu kwamba mtu wa karibu nawe ana hamu ya godoro, na watu wa karibu huambukizana hamu. Pengine pia tangazo lilikupita jana, jicho likalinasa bila wewe kutambua, na ndilo lililokuletea mada hiyo mdomoni. Mengine ni bahati tu: matangazo mengi tunayoyapita kwa siku hatuyakumbuki, ila lile moja lililogonga ndipo tunalisimulia hadi harusini.

Maelezo haya si siri. Mbona basi hayaaminiki? Facebook ilikana habari ya maikrofoni mwaka 2016. Aprili 2018 Mark Zuckerberg aliulizwa jambo hilohilo katika Seneti ya Marekani, akajibu hapana. Kilichomfikisha mbele ya wabunge hao, hata hivyo, ni sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kisiasa, ambapo taarifa za watumiaji hadi milioni 87 zilichukuliwa isivyofaa. Mwezi mmoja kabla, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilikuwa imemrekodi kwa siri mkuu mmoja wa Cambridge Analytica akijigamba juu ya kazi waliyofanya katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na 2017. Mkenya aliyesikia hayo hana haja ya kusomewa ripoti ya kitaalamu ili ashuku.

Wengine wamechangia. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba vibarua wa Apple walikuwa wakisikiliza baadhi ya sauti zilizonaswa na Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone, na mwishoni mwa 2024 Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Mwaka 2024 zilivuja karatasi za mauzo za kampuni ya Marekani, Cox Media Group, zikiwaahidi wenye matangazo huduma ya kusikiliza mazungumzo ya watu kupitia vifaa vyao. Huenda ilikuwa porojo ya muuzaji. Watu wa matangazo hujitangaza pia. Lakini ukishasema unaweza, usishangae ukiaminiwa.

Hapa kwetu madhara makubwa hayakuhitaji ujasusi wa sauti. Programu za mikopo ya simu ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, ukabonyeza kukubali kwa sababu ulihitaji pesa usiku huo, na ulipochelewa kulipa, shemeji na bosi wako wakapokea ujumbe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa mtindo huo. Mwaka huohuo Google ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kusoma namba na picha za wateja. Miezi hiyohiyo maelfu walipanga foleni KICC wakaupa mradi wa Worldcoin picha ya mboni ya jicho kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000, hadi serikali ilipoisimamisha kazi hiyo Agosti 2. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Siwacheki waliopanga foleni. Shilingi 7,000 ni kodi ya chumba kwa mwezi. Ila ni ajabu kidogo kuiogopa maikrofoni na kulitoa jicho.

Ukitaka kupima mwenyewe, ingia kwenye mipangilio ya simu uinyime Facebook ruhusa ya maikrofoni, kisha uishi kama kawaida. Matangazo yataendelea kukujua vilevile. Kwenye Android toleo la 12 na kuendelea, nukta ya kijani huwaka juu ya skrini maikrofoni au kamera inapotumika. Kwenye iPhone maikrofoni ina nukta ya rangi ya chungwa. Namba ya matangazo ya Android inaweza kufutwa kwenye mipangilio hiyohiyo. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumikaje, kuiona, na kupinga isitumike.

Tangazo likikushtua, gusa nukta tatu zilizo juu yake uulize kwa nini unaliona. Mara nyingine utajibiwa kwamba mtangazaji alitumia orodha ya wateja. Kama hujawahi kufungua tovuti ya duka hilo, kumbuka kaunta ulizotaja namba yako.