Kokatu na kelele zake ukiwa kazini nyumbani: wanayosema watu Lamu, na ukweli wenyewe

Mimi kazi yangu ni kunukuu sauti, natumiwa rekodi za mikutano na mahojiano, nasikiliza naandika, na karibu kila siku lazima niongee na kastoma kwa video. Nafanyia nyumbani, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, chumba cha ndani, na nyumba hiyo hiyo anaishi Lulu. Lulu ni kokatu, wale kasuku weupe wenye kishungi cha manjano, alitoka Shela, mwenyewe alipohama nchi akamwachia mume wangu ndege pamoja na karatasi zake. Sasa ni mwaka wa tatu. Na kelele zake mtu ambaye hajazisikia hawezi kuelewa, sio kama kasuku wa kijivu wa kupiga miluzi na kuiga simu, hii ni sauti inayopita desibeli 100, inagonga ukuta inarudi, na nyumba zetu za mawe mnajua zilivyoshikana, jirani wa pili anaisikia kama iko chumbani kwake.

Ushauri nimepewa mwingi sana. Watu wanatoa kwa mapenzi, silaumu mtu, lakini mengi niliyoambiwa sio kweli na mengine yanaweza kumuua ndege kabisa, ndio nikaona nikae chini niyaandike.

"Huyu ana pepo, mfukizeni."

Hili lilitoka kwa mavyaa wangu, na siku hiyo alikuja na chetezo mkononi kabisa, ubani na udi, moshi umeshatanda. Nikamwambia mama, nakuomba, kwa huyu hapana. Nikamweleza vile nilivyosoma: ndege hapumui kama sisi, mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa mpya inapita mapafuni akivuta na akitoa pia, kwa hivyo moshi kidogo ambao kwako ni harufu nzuri tu kwake ni mzigo. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote viwe mbali na tundu. Na zile sufuria za nonstiki, zisizoshika chakula, ukisahau moja motoni ikaungua tupu, hewa yake inaua ndege kwa dakika chache. Udi hatujaacha nyumbani kwetu, siwezi kuacha, lakini unafukizwa chumba cha wageni, mlango umefungwa dirisha liko wazi.

Sasa hiyo kelele ni nini kama sio pepo? Kokatu asili yao ni Australia, New Guinea, Indonesia, Ufilipino na visiwa vya Solomon, na hata jina lao limetoka kwa Wamalay, kakatua. Huko wanaishi kwa makundi. Alfajiri kabla hawajatawanyika kutafuta chakula wanaitana, na magharibi wakirudi mitini wanaitana tena, kila mmoja anataka kujua wenzake wako wapi. Lulu hana kundi, kundi lake ni sisi. Nikitoka chumbani nikaenda jikoni, anachofanya ni kuniita kama baharia anavyoita wenzake usiku, nyinyi mko wapi, mimi niko hapa. Hakuna ukorofi hapo.

Na ile ya alfajiri na magharibi haiondoki. Asubuhi baada ya adhana kunguru wanaanza, punda mmoja anaitikia kutoka huko Langoni, na Lulu naye anaingia, dakika kumi na tano au ishirini. Jioni hivyo hivyo. Mtu akikwambia ana njia ya kumfanya kokatu asipige kelele hata kidogo, usimsikize. Mimi niliacha kupigana na hizo nyakati mbili nikabadilisha ratiba ya kazi badala yake, manake kumbe shida yangu kubwa ilikuwa hesabu ya saa tu: kastoma wangu wengi wako London, na saa kumi na mbili jioni kwetu, huko wakati wa baridi ni saa tisa mchana, ndio hasa wanapopenda kuita mkutano! Nikawaomba tuongee saa nane au saa tisa mchana wa Lamu, kwao wakati wa baridi hiyo ni saa tano au saa sita. Walikubali wote.

"Mkemee, akisikia sauti ya mtu mzima atanyamaza."

Wewe ukipiga kelele kutoka chumba cha pili "Lulu nyamaza!", yeye kasikia nini? Kasikia kundi limemjibu. Alichoomba amepata. Kupiga tundu kwa mkono vile vile, hapo unaongeza na hofu, na ndege mwenye hofu analia zaidi au anaanza kujinyofoa manyoya.

Kumfinika na kitambaa mchana nako watu wanakupenda sana, kwa sababu kweli ananyamaza papo hapo. Lakini ananyamaza kwa giza, sio kwa kufundishika, na joto la huku wakati wa kaskazi ukimfunga ndani ya shuka saa saba mchana unamtesa. Kitambaa ni cha kulalia.

"Usimjali tu, atachoka mwenyewe."

Hili nataka kulikalia kidogo, manake ni nusu kweli, na hiyo nusu ndio iliniponza mimi.

Nilipoambiwa nimpuuze nilimpuuza kweli. Siku ya kwanza kelele, ya pili zaidi, ya nne ikawa balaa, na ya sita nilikuwa kwenye kol na kastoma mpya, ndege analia nusu saa nzima, nikashindwa, nikaruka nikampa njugu mbili. Akanyamaza. Kol ikaisha vizuri. Na kwa zile njugu mbili nilikuwa nimemfundisha kwamba ukilia dakika tano hupati kitu, lia thelathini.

Kuna mambo mawili hapo na yanajulikana zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliyafanyia kazi kwa panya na njiwa karne iliyopita. Moja, tabia iliyozoea kulipwa ukiikatia malipo ghafla, kwanza inapanda kabla haijashuka, kwa hivyo zile siku mbaya za mwanzo ni kawaida. Pili, tabia inayolipwa mara moja moja, leo ndio kesho hapana, ni ngumu zaidi kufa kuliko ile inayolipwa kila siku. Ukimpuuza mara tisa ukamwitikia ya kumi, bora ungemwitikia zote. Na nyumba yenye watu sita kumpuuza ndege kwa pamoja ni kazi, huyu anapuuza, mtoto anaenda kumchungulia, mgeni anacheka, tayari amelipwa.

Lakini kosa kubwa ni kwamba kupuuza peke yake hakumpi njia nyingine. Yeye bado anataka kujua niko wapi, na hiyo ni haja ya kweli, haiishi kwa kunyamaziwa. Lazima umpe sauti ya kuitia ambayo wewe unaweza kuishi nayo na umjibu hiyo KILA mara.

Lulu alikuwa na kamluzi kadogo ka noti mbili anakopiga akiwa ametulia. Nikakachagua hako. Wiki mbili za mwanzo nilipunguza kazi, nikamwambia kila mtu nyumbani hata watoto, ukisikia mluzi jibu mluzi hapo hapo, popote ulipo, hata ukiwa unakuna nazi. Na kelele ikija usijibu, usimtazame, usiingie chumbani, subiri anyamaze hata sekunde tano ndio uingie. Siku nyingine nilijibu mluzi mara arubaini na zaidi. Kisha nikaanza kuuvuta muda, nasubiri sekunde kumi ndio najibu, kisha nusu dakika, nikirudi namkuta ametulia nampa kipande cha papai. Nikitoka namwambia neno moja lile lile, "narudi", nikirudi narudi kweli, kwanza dakika moja, kisha mbili, kisha kumi. Baada ya miezi mitatu hivi niliweza kufanya kol ya dakika arubaini na kilichosikika ni mluzi mara mbili, kastoma akauliza kama nina mtoto mdogo.

Miezi mitatu inaonekana mingi. Lakini huyu ni ndege wa kuishi na wewe miaka arubaini na zaidi akitunzwa, kuna mmoja aliyeitwa Cookie kwenye bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, alikufa 2016 ana miaka 83.

"Mpandisheni juu darini, huko hatasumbua."

Nilijaribu siku mbili. Kwanza yeye hatuoni sisi kabisa, kwa hivyo anaita kwa nguvu zaidi, na juu sauti inapita paa kwa paa mpaka baharini. Pili jua, na paka wa Lamu mnawajua, na kunguru walikuja wakakaa juu ya tundu wakimchokoza. Nikamshusha. Anapokaa sasa ni pembeni ya kiwanda cha ndani, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, anatuona tukipita, na kilichosaidia sauti ni vitu vya kawaida tu, mikeka na zulia ukutani chumbani kwangu na pazia zito mlangoni, kwa sababu ukuta mgumu uliopigwa plasta unarudisha sauti na nguo inaimeza. Na hedfoni yenye maiki iliyo karibu na mdomo, hiyo ni lazima.

"Basi muweke begani ukifanya kazi, si anataka mapenzi tu?"

Hapana jamani. Nimeona mtu akianza hivyo, mwezi wa kwanza ndege begani kutwa nzima, mwezi wa pili kazi imeongezeka, ndege anarudishwa kwenye tundu, hajui amekosa nini, na hapo ndio kilio kinaanza. Bora umpe kile utakachoweza kumpa kila siku. Lulu ana muda wa saa nzima asubuhi kabla sijafungua laptopu na saa nzima nyingine baada ya alasiri, hizo ni zake simu naiweka mbali. Na kumpapasa ni kichwani na shingoni tu, mgongoni na chini ya mbawa hapana, huko kokatu anakuelewa kama mwenzi wa kuzaa naye, na ndege aliyeamshwa hivyo anakuwa na hasira, anang'ata, na kelele zinazidi.

Saa zilizobaki anahitaji kazi, kama mimi. Porini kutwa wanatafuta chakula wanapasua mbegu wanabangua miti, hapa ukimwekea bakuli limejaa anamaliza kwa muda mdogo halafu afanye nini? Mimi chakula chake nakificha, nafunga kwenye karatasi tupu, nasokota ndani ya makumbi ya nazi, natoboa kifuu natia mbegu nakitundika. Nikijua nina kol saa nane, saa nane kasoro dakika kumi anapewa kifuu kipya. Parachichi usimpe hata kidogo, ni sumu kwao, na chokoleti vile vile.

Pilipili niliambiwa nimpake mdomoni akome. Ndege haisikii pilipili! Kile kinachotuchoma sisi, kwake hakichomi, ndio maana ndege wa porini wanaila na kueneza mbegu zake. Kumtafutia mwenzake nako kunaweza kukupa wawili wanaoitana. Na wanaosema nimfundishe kusema ataacha kulia, kokatu si hodari wa maneno kama kasuku wa kijivu, na wanaosema vizuri bado magharibi wanalia.

"Amechoka huyo, acha akeshe na sisi."

Kumbe usingizi ndio ulikuwa nusu ya tatizo letu. Wanahitaji saa kumi mpaka kumi na mbili za giza na utulivu, na sisi huku tuko karibu na ikweta, jua linachwa saa kumi na mbili na robo hivi mwaka mzima lakini nyumba inalala saa sita. Ramadhani ndio basi kabisa, taraweh, wageni, daku, taa zinawaka mpaka alfajiri, na mchana ndege hajalala analia kama mtoto. Sasa ana tundu dogo la kulalia chumba cha nyuma, saa mbili usiku anaingia, kitambaa juu na upenyo wa hewa, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Tofauti tuliiona wiki ile ile.

"Mfungulieni aende zake."

Aende wapi? Si ndege wa nchi hii, hajui chakula cha hapa, kunguru watamuua. Kunguru wenyewe hawa wa mjini walitoka nje, tunajua walichofanyia ndege wetu. Na kumuuza kimya kimya pia si mchezo, hawa kokatu weupe wote wako kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Kenya vibali ni vya KWS, shirika la wanyamapori. Ukishindwa naye kabisa waulize hao, na ukiletewa mmoja bila karatasi usinunue.

"Leo kanyamaza, alhamdulillahi."

Siku kokatu wako anyamaze kutwa, usifurahi bado, funga laptopu ukamtazame. Ndege huficha ugonjwa mpaka mwisho, huko porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa. Angalia kama amejifutua manyoya, amekaa chini kabisa ya tundu, mkia unapanda na kushuka akipumua, kinyesi kimebadilika, chakula cha jana kiko vile vile. Lulu alinifanyia hivyo mara moja tu, mwezi wa pili mwaka jana, hata mluzi hakuna, nikampima kwenye mizani ya jikoni nikakuta amepungua, na jioni hiyo hiyo tulikuwa tumeshampigia simu daktari wa mifugo na kumtumia video. Siku ya tisa alfajiri, kabla ya punda, akapiga kelele yake ile kubwa, na mavyaa wangu ndiye aliyekuja mbio kuniamsha aniambie.