Asilimia ya wanaojua kusoma katika mji mdogo wa India: ni asilimia ya nani?

Ukitafuta takwimu za mji mdogo wa India utakuta mambo yaleyale: idadi ya watu, mgawanyo wa wanaume na wanawake, kiwango cha kujua kusoma na kuandika, kisha, kama kitu kilichochomekwa mwishoni, idadi ya watoto wa miaka 0 hadi 6. Wengi huruka hiyo ya mwisho. Hapo ndipo hesabu huharibika.

Kwa sensa ya India, anayejua kusoma na kuandika ni mtu aliyetimiza miaka 7, anayeweza kufanya yote mawili kwa kuelewa, katika lugha yoyote. Cheti hakihitajiki. Asiyeona anayesoma Breli anahesabiwa. Anayesoma bila kuweza kuandika hahesabiwi. Mtoto wa miaka 6 hahesabiwi hata kama anasoma gazeti. Mpaka huu wa miaka 7 ulianza na sensa ya 1991, kwa hiyo asilimia za kabla ya hapo haziwekwi kando ya hizi bila marekebisho.

Chukua mji wa mfano wenye watu 10,000, watoto wa miaka 0 hadi 6 wakiwa 1,400 na wanaojua kusoma na kuandika 6,450. Toa watoto kwanza: wanabaki 8,600. Gawanya 6,450 kwa 8,600, unapata asilimia 75. Ukigawanya kwa 10,000 unapata 64.5, na mji umepoteza pointi kumi bila mtu yeyote kusahau kusoma. Kosa hilo huzidi pale penye watoto wengi, ndiyo maana miji yenye uzazi mkubwa huonekana duni kuliko ilivyo.

Kosa jingine ni kujumlisha asilimia ya wanaume na ya wanawake kisha kugawanya kwa mbili. Katika miji ya kambi za jeshi, ambako wanaume ni wengi mno, jibu hupotoka waziwazi. Jumlisha watu, si asilimia. Uwiano wa jinsi nao husomwa kinyume na tulivyozoea Tanzania: sisi tunataja wanaume kwa kila wanawake 100, India hutaja wanawake kwa kila wanaume 1,000. Mwaka 2011 ulikuwa 943 kwa nchi nzima.

Na “mji” wenyewe? Upo wenye halmashauri ya mji kisheria, na upo “mji wa sensa”: watu wasiopungua 5,000, msongamano wa angalau watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau asilimia 75 ya wanaume wenye kazi kuu wawe nje ya kilimo. Huu wa pili kiutawala huendelea kuwa kijiji. Miji ya sensa ilikuwa 1,362 mwaka 2001, ikafika 3,894 mwaka 2011. Mingi haikujengwa upya, ilivuka vigezo tu.

Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na inayofuata imepangiwa 1 Machi 2027. Kwa hiyo takwimu rasmi za sensa zinazozunguka bado ni za saa 6 usiku wa kuamkia 1 Machi 2011, na mtoto aliyeachwa nje ya hesabu kwa kuwa na miaka 6 ameshafikia umri wa kupiga kura.