Barua ya kuomba kazi haiwi nzuri eti kwa sababu imejaa unyenyekevu

Wadogo zangu wa Mwanza mnaotafuta fildi (mafunzo kwa vitendo) au kazi, kuna imani ya miaka mingi kwamba barua lazima ianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu", ifuate jina, umri, ulikosoma, halafu imalizie kwa kuomba huruma. Si kweli, hayo yote yako kwenye sivii, na msomaji ana rundo la barua mezani zote zimekopiwa stesheneri ileile.

Anachotaka kujua ni utamfanyia nini. Tuseme unaomba kiwanda cha minofu ya sangara, usiandike "mimi ni mchapakazi", andika "likizo iliyopita nilikuwa soko la samaki la mwaloni Kirumba, kila asubuhi napima joto la samaki kwenye barafu na kurekodi, nikiona limepanda namwambia msimamizi waongeze barafu". Hapo anakuona kabisa! Ukurasa mmoja unatosha.

Ila heshima na anwani zinabaki, na kama ni ajira za serikali kupitia Ajira Portal (mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni), barua inaandikwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira na lazima uisaini, hiyo saini wengi wanaisahau jamani.